Mtumbwi wa kuchezea na vumbi la rangi

Ndugu mtumikaji, ndani ya mgodi hutoboi mwamba bila maji, kwa kuwa wajua vumbi linakokwenda. Kwa nini basi siku ya Jumapili unakwangua mtumbwi wa kuchezea pale barzani, kavukavu, watoto wamekuzunguka? Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Mwaka 1921 ulipitishwa mkataba wa kazi wa Genève wa kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majumba. Mtoto anatia vidole kinywani, na akili iliyoharibiwa na risasi hairudi kwa dawa.

Lowesha mtumbwi, sugua kwa maji, futa matope kwa kitambaa. Usifagie.

Verni ya kung'arisha ni shauri lingine. Kinyago cha vumbi hakizuii mvuke wake, nao unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya mama. Paka nje, mbali na moto. Ile ya magari, ya kuchanganya mikebe miwili, mimi naikataa kabisa lupangoni: yaweza kumpa mtu pumu ya maisha.

Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto.