Shule Katika Miezi ya Njaa

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa masika ni moja tu kwa mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Mtama wa shambani bado ni majani mabichi, na fedha ya korosho, iliyopatikana mwisho wa mwaka, imekwisha kulipa madeni na kununua nguo. Basi ndipo shule hufungua milango yake, mwezi wa Januari, wakati ghala lina sakafu tu na jembe linataka mikono yote. Mama huingia porini kuchimba ming'oko. Na ming'oko haichimbwi kwa haraka, maana mizizi yake hushuka chini sana, na mara nyingi mchimbaji hurudi jioni na nusu ya kikapu.

Watu hubishana juu ya mtoto wa shule katika miezi hiyo. Wengine husema, Na akae nyumbani apalilie. Njaa ikiisha atarudi. Wengine husema, Masomo ni masomo. Mwalimu na afundishe kama siku zote, wala asiulize nani amekula. Wale wa kwanza hawasemi kwa uvivu, bali kwa shida, nao wastahili kusikilizwa. Lakini mtoto aliyeondoka Januari aghalabu harudi Juni, na akirudi huona haya kuketi pamoja na wadogo zake. Maneno ya wale wa pili ni mabaya zaidi, ingawa yanasikika kama bidii. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mtoto anayesinzia juu ya hesabu hakuzidharau hesabu, wala kiboko hakijapata kuwa chakula.

Iko njia ya tatu, nayo si ngeni katika shule ya Kikatoliki. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia katika karne ya 6, aliwaandikia watawa wake kanuni, na Wabenedikto waliofika kusini mwishoni mwa karne ya 19 walikuja wakizishika. Kila mtu hujua kwamba zinaagiza sala na kazi. Wachache hujua zinavyosema juu ya mtunza ghala. Yeye ametakiwa kuwaangalia kwanza wagonjwa na watoto. Na mtu akimwomba kitu ambacho hakimo ghalani, asimfukuze kwa dharau, bali ampe angalau jibu la upole. Tena watoto na wazee wameruhusiwa kula kabla ya saa ya wenzao. Aliyeandika hayo hakuwa mtu legelege, wala hakupenda uvivu hata kidogo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba huruma huharibu adabu ya shule.

Lakini jibu la upole peke yake halitoshi. Mtoto mwenye shida anataka pia kazi, tena kazi ambayo mwenzake ataikosa asipoifanya. Jambo hili limekwisha kuonekana katika nchi hii hii. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, watu walipochoka na kodi na pamba ya kulazimishwa. Askari wa Wajerumani nao wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1906 misheni ya Ndanda ikaanzishwa. Haikupita miaka mingi vita vikaja tena. Oktoba 1917 majeshi yalipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na wanakijiji wakanyang'anywa chakula na kufanywa wapagazi. Kisha wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Hapo, katika sehemu nyingi za Tanganyika, walimu Waafrika waliendelea kukusanya watu kwa sala na masomo pasipo mshahara. Ni nini kilichowainua asubuhi? Walikuwako watoto waliokuwa wakiwangoja.

Linganisha na mambo ya mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga nyingi mno katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mahali pamoja katika matatu yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Zikaja mashine za kung'oa miti, ukaja mji, ikaja reli kutoka pwani. Watu wengi walidhani shida imekwisha. Mwaka 1951 mpango ukavunjika, na Uingereza ikapata hasara ya paundi milioni 36 hivi. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. (Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ingaliko na inafanya kazi, si haki kuisahau.) Gunia la unga liletwalo na wageni lipokelewe kwa shukrani. Lakini shule inayokaa ikilitazama barabarani itakuwa kama mji ule uliongoja gari la moshi.

Afadhali muhogo. Muhogo huvumilia jua, na ukiisha kukomaa hungoja ardhini kama ghala lisilotaka paa. Uliopandwa mwanzo wa mvua wapata kuliwa mvua za mwaka wa pili. Maana yake, wanafunzi wa darasa la mwisho wanaoupanda hawatauonja. Siku ya kuuvuna watakuwa wamekwisha kuondoka. Wako watakaosema hiyo ni kazi ya bure, na kwamba mtoto hakuja shuleni kuwa mtumwa. Kweli, shamba la mwalimu si shamba la shule, na anayewachanganyia watoto mashamba hayo mawili anawaibia. Lakini shamba la shule ni jambo jingine.

Kijana wa Mnero au wa Mnacho, aliyekuja asubuhi na tumbo tupu, apewe kwanza uji, hata kama ni kikombe kimoja cha kugawana. Kisha apewe mstari wake wa muhogo wa kupalilia na kulinda nguruwe mwitu wasiufukue. Na aambiwe wazi ni wa nani: ni wa yule mdogo wake ambaye bado yuko nyumbani, atakayeingia darasa la kwanza Januari ijayo.