Mlango wa Oveni Unapokwama

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijali: bawaba za mlango wa oveni ya mkaa.

Jirani yangu hapa Nyalikungu huoka mikate ya kuuza. Siku moja mlango wa oveni yake ulikwama. Akauvuta kwa nguvu, ukafunguka ghafla, na mkono wake ukagusa bati la moto. Aliponijia alikuwa amekwisha kupakwa dawa ya meno. Tafadhali, tusifanye hivyo. Aliyeungua mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, hata kama ni kwa kopo. Malengelenge yasipasuliwe. Jeraha likiwa kubwa, mpeleke kituo cha afya.

Nilipomwuliza juu ya mlango, alishangaa. "Dada nesi, mbona kila wiki natia mafuta?"

Hapo ndipo penye kosa. Alikuwa akitia mafuta ya pamba, yale yale ya kupikia. Mafuta ya kula yakichomwa mara kwa mara hugeuka kuwa kama gundi. Tazama ukingo wa kikaango chako cha zamani utaelewa. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi: yaweza kushika moto, na moshi wake una sumu. Grisi ya baiskeli nayo huyeyuka na kudondoka.

Kinachofaa ni kitu kikavu kisichoyeyuka, nacho kimo katika mkoba wa mtoto wa shule: penseli. Ule weusi wake si risasi, ingawa wengi huuita hivyo. Umetengenezwa kwa kinywe, madini yanayopatikana hata kwetu, kule Mahenge, mkoani Morogoro. Kinywe huteleza, na hustahimili joto kupita lile la kuokea mikate.

Fanya hivi:

1. Ngoja oveni ipoe kabisa.
2. Sugua bawaba kwa brashi ya waya mpaka utando, kutu na majivu vitoke.
3. Kwangua penseli laini, kama 2B, kwa wembe. Ingiza unga wake penye pini ya bawaba.
4. Fungua na kufunga mlango mara kadhaa, kisha futa unga uliobaki.

Rudia mlango unapoanza kuwa mgumu.

Mkono wa jirani yangu umepona, ila kovu lipo. Mlango sasa haumsumbui, na kitambaa cha kushikia hakimtoki mkononi.