Lebo Iliyo Mali ya Kampuni Kubwa Isijiite Huru

Lebo ya muziki ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa Universal, Sony au Warner si lebo huru. Ni tawi. Linaweza kuwa tawi zuri, lenye watu waungwana na wenye sikio la muziki, lakini tawi ni tawi, na msanii anayetia saini humo ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajashika kalamu.

Tunalisema hili kwa kuwafikiria vijana wa Mabogini. Kata hii ya kusini mwa mji wa Moshi inajulikana kwa mpunga, lakini muziki nao unapikwa huko. Chumba kimoja cha kupanga kimegeuzwa studio: ukutani trei za mayai, maikrofoni imevalishwa soksi ili pumzi isivume, kompyuta mpakato moja juu ya meza, na nje vijana wamekaa juu ya bodaboda wakingoja zamu ya kuingiza sauti. Wimbo ukiiva unapandishwa mtandaoni. Ukishika kasi, simu huanza kuita. Anayepiga hujitambulisha kuwa anatoka lebo huru, lebo ya wanamuziki wenyewe, isiyo na mambo ya mabwana wakubwa. Kijana husikia neno hilo akalegeza moyo. Hapati wa kumnong'oneza aulize swali moja tu: hiyo lebo yenu ni ya nani?

Swali hilo si la uchokozi. Katika miaka michache iliyopita baadhi ya kampuni hizo zinazotawala muziki wa dunia zimeingia Afrika kwa kununua nyumba zilizokwisha kujengwa na wenyeji. Mwaka 2022 Warner ilichukua hisa nyingi za Africori, msambazaji aliyejijengea jina kwa kuwahudumia wasanii na lebo ndogo za bara hili. Februari 2024 Universal ilitangaza kununua hisa nyingi za Mavin, lebo ya Nigeria aliyoianzisha Don Jazzy mwaka 2012. Don Jazzy alibaki kiongozi, jina likabaki, wasanii wakabaki. Mwenye mali ndiye aliyebadilika.

Hapa kwetu ni lazima tuwe waangalifu, maana si kila mkataba na kampuni kubwa ni mauzo. WCB Wasafi ya Diamond Platnumz iliwahi kutangaza ushirikiano na Warner na Ziiki Media. Ushirikiano si umiliki, na mtu asiyeuona mkataba hana haki ya kusema lebo imeuzwa. Alikiba alipotia saini na Sony mwaka 2016, naye alikuwa msanii aliyeingia kwa mlango wa mbele, kila mtu akijua anaingia nyumba ya nani. Hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni na mlango wa nyuma, pale nyumba ya tajiri inapobandikwa kibao cha mnyonge.

Wanamuziki wa ukanda huu waliwahi kufanya kazi na makampuni makubwa bila kudanganywa juu ya jina. Miaka ya sabini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri, na bendi iliyotaka sahani ililazimika kutazama Nairobi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Arusha wakiwa na Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakavuka kwenda Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Huko ilikuwapo Polygram, kampuni ya kimataifa iliyotokana na Philips ya Uholanzi na Siemens ya Ujerumani. Mwanamuziki angeweza kulalamikia malipo yake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba Polygram ni kikundi cha wapiga gitaa waliojichanga.

Polygram hiyohiyo inatupa somo jingine. Mwaka 1989 ilinunua Island, lebo aliyoianzisha Chris Blackwell Jamaika mwaka 1959, ambayo ndiyo iliyomfikisha Bob Marley kwenye redio zetu. Blackwell aliendelea kukaa kwenye kiti chake. Mwaka 1997 alitofautiana na wakubwa, akaondoka kwenye lebo aliyoizaa mwenyewe. Mwaka uliofuata Polygram nayo ikanunuliwa na kuunganishwa katika Universal. Hebu tuambiwe, katika safari hiyo msanii wa Island aliulizwa wapi kama anakubali kuhama? Hakuulizwa popote, kwa sababu masta zake, yaani rekodi zake asilia, zilikuwa mali, na mali hufuata mwenye pesa.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja yao, na tutaipa nafasi. Wanasema uhuru ni wa kisanaa: mkubwa haingilii, hamwambii prodyuza apunguze biti, hachagui nani asainiwe. Wanasema pia kwamba pesa za kampuni kubwa huleta video safi, wanasheria, mahesabu yanayosomeka na soko la nje. Hilo la pesa ni kweli, na msanii anayezichagua kwa macho yaliyofunguka hafanyi kosa lolote.

Lakini hoja ya kutoingiliwa haisimami. Uhuru unaotolewa kwa hisani huondolewa kwa barua ya ukurasa mmoja. Wakulima wa Mabogini hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, wamejua kwamba mtu anaweza kuwa na jaruba lake, akachagua mbegu na siku ya kupandikiza, na bado anayefunga na kufungua lango la maji huko juu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mavuno. Lebo iliyonunuliwa huchagua mbegu. Bajeti, mauzo ya katalogi na uamuzi wa kuifunga viko langoni.

Waingereza walilijaribu suala hili kabla yetu, na walijikwaa. Chati yao ya lebo huru iliyoanza mwaka 1980 ilipima jambo moja: nani amesambaza sahani. Makampuni makubwa yakagundua mwanya, yakaanzisha vilebo vyao, yakavipitisha kwa wasambazaji wadogo, na hivyo nyimbo zenye pesa za wakubwa zikakaa kwenye chati ya wadogo. Ilichukua hadi mwaka 2009 kanuni kubadilishwa ili kipimo kiwe umiliki: lebo isiyo ya wakubwa walau kwa nusu ya hisa. Hata kipimo hicho kina tundu. Creation, lebo ya Oasis, ilikuwa imeiuzia Sony asilimia 49 tangu mwaka 1992. Kwa hesabu ya karatasi ingekuwa bado huru. Kwa hiyo nusu ya hisa iwe sakafu tu. Juu yake paulizwe pia nani anaweza kulazimisha mauzo na nani anabaki na masta mkataba ukiisha.

Kuna watakaosema tunagombania kibandiko. Hapana. Lebo huru za dunia ziliunda shirika la Merlin, lililoanza kazi mwaka 2008, ili zikae pamoja mezani na majukwaa ya kusikilizia muziki, maana kila moja peke yake ilikuwa ikipewa masharti ya kumaliza mazungumzo. Kila lebo inayonunuliwa inapunguza uzito wa wadogo mezani na kuongeza wa wakubwa. Ikiendelea kujiita huru baada ya hapo, inawaibia waliobaki hata jina walilobakiwa nalo.

Na Kilimanjaro ina kumbukumbu yake. Mwaka 1925 wakulima Wachaga wa kahawa, akiwamo Joseph Merinyo, walianzisha chama chao, KNPA. Serikali ya kikoloni haikukipenda. Ilipofika mwaka 1933 pakawa na KNCU, chama chenye neno la wenyeji katika jina lake, lakini meneja wake alikuwa Mzungu, A. L. B. Bennett, na mkono wa serikali ulikuwa ndani. Wakulima walijua tofauti kati ya chama chao na chama kilichoitwa chao, na mwaka 1937 hasira hiyo ikageuka ghasia milimani. Wajukuu wao wasidhaniwe kuwa wamesahau kusoma jina na mwenye jina.

Sheria za kuanzia tunazo. Tangu mwaka 2020 sheria ya makampuni inazitaka kampuni zitaje kwa BRELA, msajili wa makampuni, wamiliki manufaa wake, yaani watu wanaofaidi hasa nyuma ya majina ya usajili. COSOTA ipo kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na BASATA ndilo linalosajili wasanii. Taasisi hizi tatu zikae pamoja na kutoa sharti moja: kila mkataba wa kurekodi uandike kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, nani anamiliki lebo na kwa asilimia ngapi, nani anabaki na masta na kwa miaka mingapi, na msanii afanyeje lebo ikiuzwa. Lebo itakayoficha, mkataba wake usitambuliwe. Waandaaji wa tuzo nao waache kuweka matawi ya Universal, Sony na Warner kwenye kundi la wasanii na lebo huru. Redio na magazeti, likiwamo hili, yaache kuandika neno hilo kwa sababu tu limeandikwa kwenye taarifa ya kampuni.

Na kwa kijana wa Mabogini ambaye simu yake imeanza kuita: usitie saini siku hiyohiyo. Chukua karatasi uende nayo nyumbani, mpe mwanasheria aisome, uliza lebo ni ya nani, na ukijibiwa kwa maneno matupu, rudisha kalamu.