Jasho la Mpiga Gitaa

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia santuri ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi ambamo gitaa hulia kama mtu aliyefiwa. Pengine uliupenda, pengine uliona ni makelele matupu. Lakini je, umepata kujiuliza yule aliyeupiga alilipwa nini? Jumapili ya leo tuitazame bendi moja ambayo maisha yake yanalijibu swali hilo vizuri: bendi ya Muddy Waters ya mjini Chicago.

Jina lake halisi lilikuwa McKinley Morganfield. Bibi yake aliyemlea ndiye aliyempa jina la Muddy, yaani mwenye matope, kwa sababu utotoni alipenda kucheza katika maji machafu. Alikulia katika shamba la pamba la Stovall, jimbo la Mississippi. Mchana aliendesha trekta, usiku akapiga gitaa. Mwaka 1941 watafiti Alan Lomax na John Work walimfikia kibandani kwake, wakanasa nyimbo zake kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Aliposikia sauti yake ikitoka katika chombo, alijua kuwa naye anaweza kuwa mwanamuziki wa santuri. Mwaka 1943 alimwomba msimamizi wa shamba amlipe senti 25 kwa saa. Akakemewa. Haukupita muda, akapanda treni kwenda Chicago.

Huko alipata kazi katika kiwanda cha karatasi, kisha akawa dereva wa lori. Jioni alipiga muziki katika baa za wafanyakazi waliohama kutoka kusini kama yeye. Sasa wewe unayezijua baa za mjini utanielewa: watu wametoka kazini, wanacheka, wanabishana, chupa zinagongana. Gitaa la kawaida husikika kwa nani? Mjomba wake akampatia gitaa la umeme, na muziki wa mashambani ukapata sauti ya kushindana na mji.

Mwaka 1948 alirekodi wimbo “I Can't Be Satisfied” kwa kampuni ya Aristocrat, ambayo miaka miwili baadaye ilikuja kuitwa Chess, mali ya ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, wahamiaji kutoka Poland. Toleo la kwanza lilimalizika madukani upesi ajabu. Muddy Waters mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda duka moja kununua santuri yake, akatozwa zaidi ya bei ya kawaida na kukatazwa kununua nyingi. Hebu mtazame mtu huyo: amesimama mbele ya meza ya muuzaji, anatoa fedha mfukoni mwake kununua sauti yake mwenyewe!

Bendi aliyoijenga ilikuwa karakana ya mafundi. Jimmy Rogers alipiga gitaa la pili. Little Walter alishika kinanda cha mdomo pamoja na kipaza sauti mkononi, akakifanya kingurume kama tarumbeta. Otis Spann alikaa kwenye piano hadi miaka ya 1960 ilipokuwa inamalizika. Willie Dixon, mpiga besi na mtunzi, ndiye aliyempa “Hoochie Coochie Man”, wimbo uliorekodiwa mwaka 1954 na kuvuma kuliko zote zilizotangulia. Aliyeiva katika karakana hiyo aliondoka akajitegemea. Mwaka 1952 Walter alirekodi “Juke” akisaidiwa na wenzake wa bendi hiyo hiyo. Wimbo ukashika nafasi ya kwanza, naye akaenda zake kuongoza bendi yake.

Sifa zikavuka bahari. Mwaka 1958 Muddy Waters na Spann walizuru Uingereza, ambako baadhi ya wasikilizaji walishtushwa na ukali wa gitaa la umeme. Mwaka 1960 bendi ilitumbuiza katika tamasha la Newport, na santuri ya siku hiyo ingali inatafutwa hadi leo. Mwaka 1962 vijana fulani wa London walichukua jina la wimbo wake wa mwaka 1950, wakajiita Rolling Stones. Vijana hao walitajirika.

Je, mwenye wimbo? Wanamuziki wengi wa Chess walieleza kwamba kampuni iliwapa gari au kuwalipia daktari, kisha gharama zikakatwa katika mrabaha wao bila wao kujua hesabu. Mwaka 1976 Muddy Waters na Willie Dixon waliishtaki Arc Music, kampuni iliyosimamia haki za nyimbo zao, wakidai wamepunjwa. Shauri lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Mwaka uliofuata ikatoka santuri “Hard Again”, iliyotayarishwa na Johnny Winter. Ikapata tuzo ya Grammy, na mzee akang'ara upya.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwaka 1980 wanamuziki wake wa miaka mingi, wakiwamo Pinetop Perkins wa piano na Willie Smith wa ngoma, walimwacha kwa pamoja. Sababu ilikuwa ugomvi juu ya malipo. Wakaunda bendi yao, Legendary Blues Band. Aliyeondoka shambani kwa ajili ya senti chache, aliyeshtaki kwa ajili ya mrabaha, sasa aliachwa na watu waliosema nao kwamba jasho lao halikulipwa ipasavyo. Alifariki tarehe 30 Aprili 1983.

Simtaji ili kumhukumu marehemu. Santuri zake zitaishi. Ninamtaja kwa ajili yetu. Sisi tulio makazini tunajua sana kuhesabu tunachopunjwa, na ni haki yetu. Lakini yupo binti anayetulelea watoto, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu. Mwisho wa mwezi tunampa nini, na kwa tarehe gani? Ndugu msomaji, jibu lako usiniandikie mimi. Mpe yeye.