Maoni ya Mhariri: Spea Ikifa Mapema, Nani Alipe?



Juma lililopita alikuja ofisini mwanachama wetu mmoja, dereva wa teksi, amebeba pampu ya maji ya gari ndani ya mfuko wa unga. Akaiweka juu ya meza ya karani, akasema, "Hii imefanya kazi siku kumi na tisa tu." Tumeona ni vyema habari yake ijulikane kwa wote, maana jambo hili huwapata madereva wengi, na wengi hunyamaza ama hupigana. Njia zote mbili ni hasara.

Ndugu huyu alipeleka gari lake gereji pampu ya zamani ilipoanza kuvuja. Gereji ikanunua spea mpya, ikaifunga, ikapokea shilingi 9,500, spea na kazi pamoja. Risiti haikuandikwa. Aliambiwa kwa mdomo tu, "Garantii iko, usiwe na shaka." Siku ya kumi na tisa, gari likiwa limekwenda kilomita 2,600, maji yakaanza kutoka tena. Injini ikachemka barabarani, na gasketi ya kichwa ikaungua. Gari likalala siku nane. Gari la teksi likilala, nyumba ya dereva inalala njaa. Na ikiwa lilinunuliwa kwa mkopo, mkopo haulali.

Aliporudi gereji akaambiwa mambo matatu. La kwanza, ya kwamba bango la ukutani lasema bidhaa ikiuzwa hairudishwi. La pili, ya kwamba aende katika duka lililouza spea. La tatu, ya kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeharibu gari kwa kuliendesha likiwa moto. Maneno yakazidi, mikono ikainuliwa, na ilibaki kidogo polisi waitwe.

Na tuyapime maneno haya moja moja.

Kwanza, bango. Bango si sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kufaa. Tena iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, yenye sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Sheria hiyo yasema ya kwamba mtengenezaji akifunga spea mpya, ama iliyofanywa upya, ahesabiwe kuwa ameidhamini spea hiyo pamoja na kazi ya kuifunga, kwa siku 90 ama kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Haisemi "akiwa ameandika." Haisemi "akipenda." Hesabu ya ndugu yetu iko ndani ya mpaka huo, kwa siku na kwa kilomita.

Pili, duka. Dereva hakufanya biashara na duka. Alifanya na gereji. Gereji ndiyo iliyochagua spea na kuinunua. Basi gereji na imtimizie dereva haki yake, kisha imdai mwenye duka. Hapa twataka kusema neno kwa ndugu zetu mafundi, maana wao ni wafanyakazi kama sisi. Fundi wa jua kali akiuziwa spea bandia katika sanduku zuri, naye ameibiwa. Adui yake si dereva. Adai risiti ya duka kila mara, ili hasara imrudie aliyeuza takataka, isibaki kwa wawili waliochafua mikono yao kwa kazi.

Tatu, kuendesha gari likiwa moto. Hapa hatutamficha ndugu yetu. Alikiri mbele yetu ya kwamba aliona mshale wa joto umepanda, lakini akaendelea kama kilomita tatu ili amfikishe abiria. Kosa hilo ni lake. Dhamana haimlindi mtu atumiaye gari vibaya. Kila dereva na ajue: mshale ukipanda, simama kando, zima injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Kilomita tatu zile ndizo zilizomnyima nguvu ya kudai gasketi.

Lakini pampu yenyewe je? Katibu wa tawi alimwita fundi wa tatu, asiye wa upande wowote, akaikagua mbele ya dereva na mwenye gereji. Mhimili wake ulikuwa ukicheza ukishikwa kwa vidole, na chini ya tundu dogo la pampu palikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Tundu hilo hutoa maji sili ya ndani inapokufa. Basi ama beringi ilikuwa mbovu tangu dukani, ama mkanda ulikazwa kupita kiasi siku ya kufungwa. Yote mawili si kosa la dereva, na kuvuja kulitangulia joto.

Mwenye gereji alipoona hivyo akakubali kutoa pampu nyingine na kuifunga bila malipo. Gasketi amelipa dereva mwenyewe. Siku nane zile hakuna aliyezilipa. Hatusemi ni ushindi mkubwa. Twasema ni haki iliyopatikana kwa ushahidi, wala si kwa ngumi.

Na ushahidi ulikuwa haba. Dereva aliokolewa na ujumbe wa M-Pesa ulioonyesha tarehe na kiasi cha fedha, na pampu aliyoihifadhi. Hata hivyo ingekuwa bora kama gereji ingaliiona pampu hiyo ingali garini. Kwa hiyo kila mwanachama ashike haya:

1. Pata risiti yenye tarehe, jina la spea, kama ni mpya ama kuukuu, na kilomita za gari siku hiyo.

2. Dai upewe spea ya zamani iliyotolewa.

3. Spea ikifa, piga picha, umpe habari aliyeifunga siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kwa simu. Usiifungue kabla hajaiona.

4. Akikataa, njoo tawini kabla ya kugombana.

5. Mapatano yakishindikana, iko Korti ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria yataka shauri limalizwe katika siku 60.

Twapendekeza kwa halmashauri ya tawi ichape fomu fupi ya matengenezo, nakala mbili, moja ya dereva na moja ya fundi. Karatasi hiyo itawalinda wote wawili. Jambo hili na liletwe katika mkutano ujao, na wanachama walio mafundi waje kusema yao.

Chama kimetufundisha kudai mkataba wa kazi kwa maandishi, na hakuna kati yetu ambaye angekubali mshahara wake uwe neno la mdomo la mwajiri. Basi twaachaje gari, ambalo ndilo jembe letu, kwa neno la mdomo?

Mhariri