Mfumo Wako wa Malipo Usikae Kichwani mwa Fundi Mmoja

Unauza bidhaa mtandaoni? Basi kuna mazungumzo yanaendelea kila siku bila wewe kuyasikia. Mteja akibonyeza "Lipa", programu ya duka lako inaiuliza huduma ya malipo: pesa imeingia? Jibu likieleweka vibaya, mzigo unatoka na pesa haijafika.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba kila huduma ya malipo inafaa kueleza API yake, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza nayo, kwa kiwango cha wazi. Maelezo hayo husema ombi linatumwa wapi, lazima libebe nini, na majibu gani yanaweza kurudi. "Imelipwa" ni jibu moja. "Inasubiri" ni jibu tofauti kabisa!

Wazo hili si geni. Mwaka wa 2000, IBM, Microsoft na Ariba zilitoa WSDL, lugha ya kueleza huduma za mtandao kwa XML. Toleo la 2.0 lilipitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Juni 2007. Lakini wakati huo mafundi wengi walikuwa wanahamia njia nyepesi zaidi, na toleo hilo halikushika sana. Mwaka wa 2011 ikaja Swagger, rahisi kusomwa na mtu na kompyuta pia. Mwaka wa 2015 ikakabidhiwa muungano wa kampuni kadhaa chini ya Linux Foundation, na leo tunaiita OpenAPI.

Sisi tunaona somo hapo: kiwango hakisimami kwa muhuri peke yake. Kinasimama watu wakikitumia, na kisipokuwa mali ya kampuni moja.

Wapo wanaosema kuweka maelezo wazi ni kuwaalika wezi. Hatukubali. Kila mtu mtaani anajua mlango wa duka lako uko wapi, lakini ufunguo unao wewe. Kinachofaa kufichwa ni funguo za siri za mfumo, sio ramani yake.

Sasa, kabla hujamlipa fundi pesa ya mwisho, muulize maswali matatu:

1. Faili la maelezo ya API unayotumia liko wapi, na ni la toleo la sasa?
2. Jibu likiwa "inasubiri", mfumo wangu unafanya nini? Unashikilia mzigo au unauachilia?
3. Ukipata kazi kwingine kesho, fundi mwingine ataendelea bila kuanza upya?

Akikuambia "usijali, yote nayajua kichwani", jali. Siku atakapozima simu, biashara yako itazimika naye. Omba faili, lihifadhi mahali unapoweza kulifikia mwenyewe, ndipo umalizie malipo.