BUSTANI YA NYUMBANI: Muguet Chini ya Mwembe wa Kanyosha

Juma hili tunalo swali la mama mmoja wa Kanyosha, mke wa askari. Wifi yake aishiye Ubelgiji alimletea mizizi ya ua dogo jeupe ambalo Wafaransa huliita muguet, nao hupeana kila tarehe 1 Mei. Ila hili ni la aina yenye majani ya mistari. Mama huyo aliipanda mizizi chini ya mwembe, ikachipua kidogo, kisha ikanyauka. Anauliza amekosea wapi.

Hakukosea. Mmea huo umezoea kulala ardhini wakati wa baridi ya Ulaya, na usipopata majuma mengi ya baridi kali hauamki sawasawa. Usiku wa Bujumbura huwa na joto la nyuzi 19 hivi. Kivuli cha mwembe huzuia jua tu; baridi hakileti.

Nami naona ni afadhali haukustawi, kwa kuwa nyumbani humo yumo mtoto wa miaka miwili. Muguet ina sumu inayodhuru moyo, katika majani, maua na matunda yake mekundu, hata katika maji ya chombo yalimowekwa maua yake. Mabaki ya mizizi na yafukiwe katika shimo refu, yasitupwe jalalani. Tahadhari hiyo yahusu pia dieffenbachia, ule mmea wa majani mapana yenye madoa meupe upendwao sana barazani. Mtoto akiutafuna, kinywa humwaka na ulimi huvimba. Apelekwe kwa mganga wa zahanati bila kukawia.

Badala yake na apande klorofitumu, mmea wa Afrika yetu, usio na sumu kwa watu. Majani yake ni marefu na membamba, yenye mstari mweupe, nao hutoa vikonyo virefu vinavyoning'iniza vitoto. Kitoto hukatwa, kikapandwa, kikashika mizizi kwa siku chache. Mbegu zisitegemewe, kwani huweza kuzaa majani matupu ya kijani.

Shida kubwa chini ya mwembe ni mizizi ya mti wenyewe, inayokunywa maji yote. Kwa hiyo apande katika makopo yaliyotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na apunguze matawi machache ili mwanga kidogo upenye. Katika giza mistari hufifia. Kuanzia Juni hadi Agosti, maji ya kuoshea mboga yanafaa sana.

Likizuka chipukizi la kijani kitupu, aling'oe mara moja. Sehemu nyeupe ya jani haijitengenezei chakula, hivyo la kijani hukua upesi zaidi na kuwasonga wenzake. Vitoto havina haja ya kununuliwa: aombe vitatu kwa jirani.